Jibini Zilizopinda Tulizila Wenyewe

Mimi ni mtu wa kugeuza jibini. Kila asubuhi, kabla sijauliza hata kama mvua imepita, naingia katika kile kinyumba cha mbao nyuma ya jiko, nashika jibini moja moja kwa mikono miwili, nageuza upande wa chini uje juu, napangusa ubao kwa kitambaa cha maji ya chumvi, nairudisha. Ukiruka siku moja, upande wa chini unabaki na unyevu, jibini inalegea na kupinda. Wanunuzi wanaopanda kutoka Goma hawana huruma na kitu kilichopinda. Wanaizungusha juu ya kiganja, wanaigonga kwa kidole, na ikiyumba kidogo wanakurudishia bila neno. Basi zilizopinda tunazila wenyewe, pamoja na viazi.

Kwa bahati mbaya, watoto wangu niliwalea kwa mikono hiyo hiyo.

Nina mabinti wawili. Wakati wa habari hii mkubwa alikuwa darasa la tano, mtoto mrefu, mpole, mwenye macho ya baba yake. Mdogo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia na buti za mpira miguuni. Mume wangu hukaa na ng'ombe juu kwenye malisho, anashuka asubuhi na maziwa, anakunywa chai amesimama, anapanda tena. Kwa hiyo nyumba ni yangu, watoto ni wangu, na wasiwasi wote ulikuwa wangu. Yeye alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawaendi shule.

Nilikagua kucha asubuhi na jioni. Nilipiga pasi ya makaa hata kaptula ya kulalia. Mkubwa alipotoka kwenda shule nilimfuata mpaka njia panda na kitambaa kibichi mkononi, ili nimfute buti mara ya mwisho. Akiandika neno akalifuta, nilichana ukurasa na kumwambia aanze upya. Mume wangu alinitania: "Wewe, siku utafika mbinguni, utaomba ufagio mbele ya kusalimia Mungu." Nilicheka kama kila mtu. Huku nacheka nilikuwa naangalia kola ya shati la mtoto.

Watu walidhani ni majivuno. Ilikuwa woga. Mkubwa akiwa bado ananyonya, tulikimbia vita tukashuka hadi Kibabi, tukalala ndani ya darasa la shule pamoja na watu wengi. Asubuhi alikuja mama mmoja wa pale, mkulima, aliyekuwa na chumba kimoja cha kutoa. Alisimama mlangoni akatutazama sote, muda mrefu, kisha akaninyooshea kidole mimi. "Wewe, Mama. Mutoto yako iko safi. Kuya." Nilikuwa nimemfuta mtoto uso kwa mate na upindo wa kitenge, hakuna zaidi. Kando yangu alikuwapo mama mwingine, na mtoto wake alikuwa na makamasi mpaka mdomoni. Mimi nilipata kile chumba, yeye alibaki darasani.

Tangu siku hiyo niliamini kwamba mtoto safi hupata paa. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, lakini sikuliachia tena jambo hilo. Mpaka leo, milio ya bunduki ikisikika ng'ambo ya kilima, majirani wanafunga magodoro, mimi naweka maji motoni niogeshe watoto. Nikiambiwa tukimbie, angalau tutakimbia tukiwa na masikio safi.

Sasa, msimu ule wa mvua, kuelekea Pasaka, kulitokea kilio upande wa kwetu na ilinibidi niende. Mdogo nilimbeba. Mkubwa nilimwachia nyumba, pamoja na jirani yangu, mama mmoja wa mashamba, ambaye angekuja usiku tu kulala naye. Na nilimwachia jibini. Nilikuwa nimemfundisha kuzigeuza tangu mikono yake ifike ubao wa pili, na alijua kila kitu. Hata hivyo nilirudia maagizo mlangoni, nikarudia uani, na nilipofika njia panda nikageuka nikapaza sauti nikarudia tena.

Niliporudi sikuingia nyumbani. Niliingia kwanza kwenye jibini, na mtoto mgongoni, na matope ya safari miguuni. Nilipitisha macho ubao kwa ubao. Zote zilikuwa zimenyooka. Ubao wa chini ulikuwa na nafasi wazi, lakini mara nyingi mume wangu huchukua moja kumpa mgeni, kwa hiyo sikuuliza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nilimwambia, "Vizuri kabisa." Akatabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa sweta, umefunikwa hadi ncha za vidole, na kwetu kuna baridi, kila mtoto hutembea hivyo.

Yaliyofuata nilikuwa nayaona yote. Hilo ndilo linalonichoma. Niliona kwamba mwandiko wake umeharibika, herufi zimelala kama majani baada ya mvua ya mawe, nikamwamuru anakili ukurasa mzima upya. Alinakili. Nilimwona anachota ugali kwa mkono wa kushoto nikamwambia mtu mwenye adabu hali hivyo. Akabadilisha mkono, akala kidogo, akasema ameshiba. Na kisha ikaja harufu. Harufu ya siagi iliyochacha, ile ya ng'ombe tunayoipaka mwilini, inayopakwa kwenye kila maumivu tangu enzi za bibi zetu.

"Unanuka siagi," nilimwambia. "Kaoge."

Alikwenda akaoga. Alirudi nywele zimelowa, anatetemeka, na harufu bado ipo. Kesho yake nikamtuma tena, safari hii na sabuni, na nikamwambia asirudi kwangu akinuka vile. Alichukua sabuni kwa mkono wa kushoto akaenda.

Aliyesema ni mdogo, ambaye humwita dada yake yaya, na ambaye hajui kuficha kitu chochote duniani. Tulikuwa tumekaa jikoni tunamenya viazi, akatangaza kama mtu anayesoma matangazo kanisani: "Mukono ya yaya iko inanuka. Iko na nyama."

Nilimshika mkubwa nikavuta mkono wa sweta. Haukuja. Chini yake kulikuwa na kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeshikana na ngozi. Niliona rangi yake. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisema haraka haraka, akinitazama machoni: "Mama, usikasirike. Nilioga."

Sijui nilivyofunga mlango, sijui nilimwacha mdogo na nani. Baadaye niliambiwa kwamba nilimtupia jirani juu ya ua kama mzigo wa mboga. Tulipata pikipiki barabarani. Mtoto katikati, mimi nyuma, dereva mbele na koti lake la mvua, na barabara yote ni tope jekundu la utelezi. Kwenye kila mteremko niliona mkono ule ukikatwa. Niliuona kabisa, na kisu na meza. Nilimwona binti yangu bibi harusi asiye na mkono, nilimwona kanisani anapokea komunyo kwa mkono wa kushoto. Nilianza kumwomba Mungu, na katikati ya sala nikakumbuka kwamba mtoto amevaa sketi yenye kiraka, watu wa hospitali watatuonaje. Ndiyo, nilifikiria hilo. Nikajichukia, nikashika kwa nguvu zaidi.

"Mama," dereva akasema bila kugeuka, "unilegezee shingo kidogo. Nikikufa, sisi wote tutaanguka."

Kituo cha afya ni nyumba ndefu ya mbao kando ya barabara. Sisi tunaiita santé tu. Muuguzi alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye usingizi usoni. Alilowesha kile kitambaa kwa maji ya dawa, polepole, huku anauliza maswali ya kawaida. "Ulichomeka na nini? Tangu siku gani?"

Binti yangu alifungua mdomo, kisha akanitazama.

Muuguzi akangoja. Akauliza tena, na mtoto akanitazama tena, namna mtu anavyotazama anga kabla ya kuanika nguo. Alikuwa anasoma uso wangu ajue jibu gani litakaa salama. Yule mwanamume akaweka chini kibanio chake.

"Mama, samahani. Utoke kidogo inje."

"Miye njo mama yake," nilisema.

"Najua. Njo maana nakuomba utoke."

Nilikaa nje kwenye benchi, mvua inapiga bati, mikono imebana kati ya magoti. Mbao za ukuta ule ni nyembamba. Maneno sikuyasikia, lakini sauti niliisikia, na ilikuwa sauti ya binti yangu akieleza. Alieleza muda mrefu. Kwangu alikuwa na majibu mafupi tu: ndiyo Mama, nilishamaliza Mama, sawa Mama. Sikujua kwamba bado ana maneno mengi hivyo. Nilikaa pale nikazionea wivu kuta.

Muuguzi alipotoka alijifuta mikono, akanieleza yeye. Nilipokuwa kilioni, mtoto alichelewa kutoka shule jioni moja kwa sababu ya mvua, na jibini za ubao wa chini, alizokuwa ameziacha asubuhi, hazikugeuzwa. Kesho yake akakuta moja imepinda. Akafikiria: jibini ni laini ikipata moto. Akachemsha maji, akaitumbukiza, ili ilainike airudishe ndani ya kalibu, kile chombo tunachoiumbia, na kuikandamiza mpaka inyooke kabla sijarudi. Alipokuwa anaitoa, sufuria ikapinduka juu ya mkono wake. Jibini yenyewe, ambayo sasa haikuwa na sura yoyote, aliwapa nguruwe wa jirani. Kisha akapaka siagi, akafunga kitambaa, akavuta sweta.

"Alikuwa anapenda kuinyoosha mbele urudi," muuguzi alisema, kama anayenieleza jambo la kawaida kabisa. Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa, ila kwa namna nyingine. Mkono hautakatwa. Lakini kidonda kilikuwa kimekaa muda mrefu, ngozi imeanza kuvutana, na vidole vikipona bila kusogezwa vitabaki vimejikunja. "Kidonda kikianza kukauka, hii mukono itumike. Kila siku. Amenye viazi, afue, aandike, akamue. Atafanya mubaya. Umuache afanye mubaya. Ukimufanyia wewe, ao ukimukataza juu ya kufanya mubaya, vidole vitafunga. Unasikia, Mama? Hata mubaya."

Nilisema nimesikia. Nilikuwa tayari kubeba maji, kuuza ng'ombe, kutembea kwa miguu mpaka Itebero na kurudi. Hilo alilonipa sikuwa nimejiandaa nalo.

Nani aliyewahi kuona mateso kama yale? Binti yangu anamenya kiazi kimoja, ganda linaondoka na nusu ya kiazi, kisu kinamponyoka, anakiokota, anaanza tena, na mimi nimekaa mbele yake nimeikalia mikono yangu. Nasema kweli, niliikalia. Anafagia, na takataka zinabaki mlangoni ambapo kila mgeni atazikanyaga. Anafunga kamba za nguo za mdogo, zinafunguka njiani. Mwandiko wake ulitambaa ukurasani kama wa mtu aliyelewa, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu, na mimi sikuchana ukurasa. Jirani yangu alipita akaona nguo nilizoanika, yaani alizoanika mtoto, zimekunjamana na mistari ya sabuni. Akasimama. "Mama, uko mugonjwa?" Nilimwambia niko mzima. Akaondoka anatikisa kichwa, na najua alikwenda kusimulia.

Kazi iliyomfaa zaidi ilikuwa ya jibini. Maziwa yakishaganda tunayakata, tunayakanda ndani ya kalibu yakiwa bado na uvuguvugu, na uvuguvugu ule ulilegeza vidole vyake. Alikanda kila siku, meno yameuma mdomo. Sehemu moja ilikandwa sana, nyingine haikukandwa, na jibini zake zilitoka na migongo na matumbo. Tulikula zilizopinda mpaka mume wangu akauliza kama mwaka huu tunauza kitu chochote, au tumekuwa watu wa kula tu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Usiku nililala nikiwaza vidole. Asubuhi nilimwambia afungue mkono, nikavitazama kabla ya kutazama jibini. Kimoja kilinyooka. Kingine kikanyooka, polepole, kwa kusitasita. Kidole kidogo hakikukubali. Muuguzi alikivuta, akakibana, akakipaka mafuta, mwisho akasema kitabaki hivyo, kimejikunja kidogo, na kwamba tumshukuru Mungu kwa vingine. Nilimshukuru Mungu. Kisha nilikwenda nyuma ya kinyumba cha jibini nikalilia kile kidole, kwa sababu nilijua nani amekipinda.

Lakini si kidole kilichokuwa kinaninyima amani. Ni kwamba bado alikuwa ananitazama uso kabla ya kujibu. Ukimuuliza swali dogo kabisa, kama maji yamechemka, macho yake yanakuja kwanza usoni kwangu, yanapima, halafu ndipo jibu. Mkono ulipona, hilo halikupona. Na nilifikiria kila siku: atakua. Ataota matiti, ataongozana na wenzake sokoni, atakutana na watu wa silaha barabarani, atakutana na mwalimu mwenye mikono isiyotulia. Siku atakapopata jambo la kweli, atakwenda wapi nalo? Atalifunga kitambaa, atalipaka siagi, atavuta sweta.

Basi nikaanza kuufanyia mazoezi uso wangu. Nikiosha masufuria nilijaribu kukaa na uso wa mtu ambaye lolote likimfikia halimtishi. Nililegeza paji, nikafungua midomo kidogo, nikatazama ukuta kwa upole. Mdogo alinikuta hivyo akaniangalia kwa wasiwasi.

"Mama, tumbo iko inakuuma?"

Nikaona kazi bado ni kubwa.

Jumamosi moja ukungu ulikaa juu ya kilima kupita saa zake. Juma lile lote tulikuwa tumesikia milio upande wa magharibi, mbali, na watu walikuwa wanalala na viatu karibu. Juu kwa mume wangu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Sisi tulikuwa na ukungu tu, lakini kijito chetu cha bondeni kilikuwa kimeanza kuvuma. Mimi nilikuwa kwenye jibini, mikono ndani ya maji ya chumvi. Mkubwa nilikuwa nimempa mdogo amwangalie, nyuma ya zizi la ndama.

Alikuja anakimbia. Alisimama mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, na macho yake yakaja usoni kwangu kama kawaida. Sijui yalikuta nini. Sikuwa na nafasi ya kujiandaa. Nilichojua ni kwamba hakungoja yamalize kusoma.

"Mama, nimemupoteza mutoto. Nilikuwa natengeneza kamba ya ndama, nikigeuka haiko. Nilimuita mara moja tu, kiisha nikakuya kwako."

Nilitaka kupiga kelele. Maneno yalikuwa yamejipanga kinywani, yale yale ya siku zote: nilikuambia nini, nilikuambia mara ngapi. Nikayameza, yakanikwama kama kiazi cha moto.

"Twende," nilisema. "Nionyeshe fasi alikuwa."

Tulikimbia. Niliita jina la mtoto, jirani akasikia akatoka na jembe mkononi, akaita naye. Katika ukungu sauti hazina upande. Unaita mbele, unasikia kama umeita nyuma. Kila kisiki kilikuwa mtoto. Kila kichaka kilikuwa na mtu aliyemshika mtoto. Upande wa kijito maji yalikuwa yanavuma, na nilijilazimisha nisiyasikie.

Mkubwa ndiye aliyesimama. "Mama, ndama moja haiko. Ile ya madoadoa." Mdogo anampenda ndama yule kuliko sisi sote. Akainama, akaonyesha matopeni kwato ndogo, na kando yake alama za buti, ndogo zaidi, zinashuka. Zilikuwa zinaelekea bondeni kabisa.

Tulimkuta kwenye bwawa la matope kando ya kijito, amezama mpaka mapajani, ameshika mkia wa ndama kwa mikono miwili, anamgombeza. "Nilikuambia urudi. Nilikuambia mara ngapi." Ndama alikuwa anakula majani, hana habari. Buti moja ilikuwa imekwenda. Maji ya kijito yalikuwa yameshafika kwenye matope, yanamzunguka kiuno kidogo kidogo, rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanapanda tukitazama.

Niliingia. Mkubwa aliingia nyuma yangu, akamshika mdogo kwa mkono wake wa kulia, ule ule, akavuta pamoja nami, na matope yakamwachia kwa sauti kubwa. Tulipanda ukingoni tukaanguka wote watatu kwenye nyasi. Tulipogeuka, mahali alipokuwa amesimama palikuwa maji matupu.

Jirani, aliyekuwa ametufuata, alikuwa wa kwanza kusema. Alitazama maji, akamtazama mkubwa. "Kama huyu angeanza kutafuta yeye mwenyewe mbele ya kukuambia," alisema, lakini hakumaliza. Akamkamata ndama kamba, akampandisha.

Nyumbani niliweka maji motoni, lakini kabla hayajachemka nilikaa. Nilikaa chini kabisa, sakafuni jikoni, mgongo ukutani, mdogo amelala kifuani kwangu na matope yake yote, na mguu mmoja hauna buti. Sakafu ilikuwa imejaa tope kutoka mlangoni hadi motoni. Mkubwa aliitazama, akanitazama, akaenda kuchukua kitambaa.

"Acha," nilimwambia. "Kuya ukae."

Alikaa kando yangu. Nilikata jibini moja iliyopinda, tukaila hivyo hivyo bila viazi, kwa vidole vyenye udongo. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilimwambia moja. "Ulikuya kuniambia," nilisema. "Aksanti."

Alitafuna. Alizungusha kipande cha jibini kwa kidole chake kile kilichojikunja. Hakunitazama usoni. Alitazama moto.

"Mama, ile kalibu ya katikati iko na ufa. Ni mimi. Iliniponyoka."

"Sawa," nilisema.

"Na sahani ya bibi, haikuvunjwa na paka."

"Sawa."

"Na mu masomo ya Kifaransa, ile siku nilikuambia nimepata ya kwanza, sikuipata."

Yote hayo alikuwa amekaa nayo ndani ya nyumba yangu safi. Nilimuuliza, kwa sauti ndogo niliyoweza kupata, "Iko ingine?"

"Iko." Akaweka chini jibini. "Ile siku uliniambia nanuka siagi, niende kuoga. Nilikuya kukuambia. Nilikuwa nasimama nyuma yako. Ukageuka ukaangalia kola yangu."

Mdogo aliota kitu, akanikanyaga tumboni kwa mguu wake ule mtupu. Maji yalikuwa yamechemka, yanamwagika juu ya makaa, na hakuna kati yetu aliyeinuka.

"Endelea," nilimwambia. "Nasikia."